Je, Wajua? Vijiti sita, mipangilio bilioni 35

Vijiti sita vya mbao vilivyochongwa mapengo katikati vinaweza kupishana na kushikana imara, bila gundi wala msumari. Ukihesabu kila namna ya kuvichonga, mipangilio yake ni 35,657,131,235! Mmarekani Bill Cutler alikamilisha hesabu hiyo mwaka 1990, baada ya kompyuta kufanya kazi kwa takriban miaka mitatu. Mingi ya mipangilio hiyo inawezekana kwenye hesabu tu. Mikononi vijiti haviingiliani.

Vijiti hivi hutengenezwa kuwa mafumbo ya kufungua na kufunga. Katika yale yenye jibu moja, lililo gumu kuliko yote hudai misogezo 10 kabla kipande cha kwanza hakijachomoka.

Stewart Coffin, mchongaji wa Marekani, alibuni mafumbo ya namna hii kama sanaa, akichanganya mbao za rangi mbalimbali. La ajabu zaidi ni Rosebud. Hulifungi kwa kuingiza kipande kimoja kimoja. Vipande vyote sita huteleza kwa pamoja, kila kimoja kwa upande wake, hadi vikutane katikati. Kimoja kikichelewa kidogo tu, vyote vinakwama.

Ukibahatika kulishika fumbo la aina hii, usitumie nguvu. Lisukume taratibu, ukisikilizia kwa vidole.