Padi za Roland, matoazi ya Yamaha: je, vinaweza kupigwa pamoja?

Katika makanisa mengi ya huku mashariki, batri ya elektroniki haifiki ikiwa kamili ndani ya sanduku lake. (Kwetu neno batri ni lilelile kwa ngoma na kwa kile tunachofunga ndani ya gari, hapa ninasema juu ya ngoma.) Moduli imenunuliwa Kampala, padi mbili ni zawadi ya kanisa rafiki la Ulaya, toazi moja limeletwa na ndugu aliyetoka Dubai, na kipande kingine kilibaki nyuma siku watu walipokimbia. Vitu vinapokusanywa, juu yake mnasoma majina matatu au manne: Roland, Yamaha, Alesis, na jina lingine ambalo hakuna anayelijua. Ndipo mmoja wa kwaya anasema: "Hivi havipatani, tununue batri mpya." Na kamati inaanza kuhesabu sadaka.

Sadaka hiyo imetoka kwa mama anayeuza unga wa muhogo sokoni. Kwa hiyo ninaomba kwamba kabla ya kuhesabu, mpime kwanza. Kwa sehemu kubwa vitu hivi vinapatana. Visivyopatana ni vichache, na vinajulikana.

Padi ni kitu chepesi kuelewa. Chini ya mpira au wavu kuna kisahani kidogo kinachoitwa piezo. Ukikigonga, kinatetemeka na kutoa umeme kidogo sana. Umeme huo unapita katika waya hadi kwenye moduli, yaani kile kisanduku chenye sauti, na moduli inapima: pigo limekuwa la nguvu au la polepole? Kisha inatoa sauti ya ngoma. Hivi ndivyo inavyofanya kazi kwa Roland, kwa Yamaha, kwa Alesis, na kwa wengine karibu wote. Ndiyo maana padi ya tom ya mtengenezaji mmoja, ikiungwa kwenye moduli ya mwingine, mara nyingi italia bila shida. Na msiogope kwamba moduli itaungua: padi ya kawaida haipokei umeme wa ukutani, inatoa tu ule mdogo wake.

Kama jambo la msingi ni moja, tofauti zimetoka wapi? Mwaka 1983 watengenezaji wa vyombo vya muziki walikubaliana juu ya MIDI, lugha moja ya kufanya kinanda cha huyu kiongee na mashine ya yule. Wakati huo ngoma za umeme zilikuwapo tayari. Zile za Simmons zenye pembe sita zilitoka mwaka 1981. Lakini mapatano ya MIDI yanahusu kinachotoka kwenye moduli kwenda nje. Njia ya kutoka padi hadi moduli haikuwahi kupata mapatano kama hayo. Yamaha walipotoa DTX mwaka 1996, na Roland walipotoa V-Drums zenye ngozi ya wavu mwaka 1997, kila mmoja aliunga nyaya zake kwa akili yake. Tunavuna hilo mpaka leo.

Tuanze na waya, kwa sababu ndiko nilikoaibika mwenyewe. Tulipewa toazi moja zuri, lenye sehemu mbili: uso na ukingo. Nikaliunga kwa waya niliouchomoa kwenye gitaa. Kimya. Nikageuza, nikapiga kwa nguvu, kimya. Nikawaambia wazee kwamba toazi limekufa, tukaliweka stoo miezi mingi. Toazi lilikuwa zima. Waya ndio haukufaa.

Tazameni fishi ya waya wowote wa vyombo. Ile ya mono, ya gitaa, ina pete nyeusi moja karibu na ncha. Ile ya stereo ina pete nyeusi mbili. Matoazi mengi na padi za sehemu mbili zinadai waya wa stereo, kwa sababu njia moja inabeba pigo la uso na nyingine inabeba habari ya ukingo. Ukingo wa toazi, mara nyingi, ni swichi: ukigongwa au ukishikwa kwa vidole, inajifunga. Sasa ukitia waya wa mono, fishi yake inaunganisha zile sehemu mbili zilizopaswa kutengana. Moduli inaona swichi imefungwa wakati wote, ikadhani kuna mtu ameshika toazi kulinyamazisha. Basi inanyamaza, au inatoa sauti ya ukingo peke yake. Mpigaji atalaumu mtengenezaji, naye hana kosa. Kwa hiyo kabla ya kusema kitu hakipatani, hesabuni pete za fishi, pande zote mbili za waya.

Waya ukiwa mzuri, tatizo linalofuata ni ile sehemu ya pili. Kuna njia mbili za kuitengeneza. Padi nyingine zina piezo mbili, moja ya ngozi na moja ya ukingo. Za Roland za ngoma ya kati zenye wavu, kama PD-120 na PD-125, ziko hivyo. Nyingine zina piezo moja na swichi moja. Matoazi mengi yako hivyo, na padi nyingi za mpira pia. Moduli inayongojea swichi haielewi piezo ya pili. Utapiga ngozi, italia vizuri. Utapiga ukingo, hakuna kitu, au sauti hafifu. Moduli nyingine zinakuruhusu kuchagua aina ya padi kwenye skrini, na hapo tatizo linakwisha. Nyingine, hasa za bei ndogo, hazina uchaguzi huo.

Je, hilo ni hasara? Inategemea padi inakaa wapi. Kwa tom, ukingo si kitu; sijaona ibada iliyoharibika kwa kukosa ukingo wa tom. Kwa ile ngoma ndogo ya kati, ambayo wapigaji wetu huiita keskleri, ni hasara kweli, kwa maana wimbo wa polepole wa kuabudu unadai lile pigo la ukingoni. Basi wekeni padi ya jamaa moja na moduli pale kati, na zile ngeni zipelekeni kwenye tom. Kuhamisha padi hakuna gharama.

Toazi kubwa la ride lenye sehemu tatu (uso, ukingo na ile kengele ya katikati) linadai uangalifu zaidi. Roland katika CY-13R na CY-15R wanatumia nyaya mbili na matundu mawili ya moduli. Yamaha katika PCY135 na PCY155 wanapitisha zote tatu katika waya mmoja, kwa kutofautisha swichi kwa upinzani wa umeme. Ni kazi ya akili, lakini moduli ya ukoo mwingine haikufundishwa kusoma hivyo. Ukilichanganya, tegemea sehemu mbili, usitegemee tatu. Toazi la crash halina shida hiyo. Ni kitu rahisi kuliko vyote kuchanganya baada ya tom. Zaburi ya 150 inataja matoazi mara mbili, wala haisemi yatengenezwe na nani.

Kuna pia vyombo vipya vinavyotumia waya wa USB kati ya padi na moduli, kama PD-140DS na CY-18DR za Roland. Hivyo msivinunue peke yake kwa bei nafuu mkidhani vitaingia popote. Vinaongea na moduli za Roland zenye tundu lake maalumu, basi.

Sasa sharle, yale matoazi ya mguu. Hapa maneno yangu yanabadilika: msichanganye, kama mnaweza kuepuka. Padi ya juu ya sharle inaweza kuwa ya yeyote, lakini pedali ya mguu iwe ya ukoo mmoja na moduli. Mguu hauleti pigo tu, unaleta hali: wazi, nusu, imefungwa. Pedali moja ni swichi tu, inajua wazi na kufungwa. Nyingine, kama FD-8 ya Roland, inabadilisha upinzani polepole kadiri unavyokanyaga. Kila mtengenezaji alichagua kiasi chake cha upinzani na jinsi ya kuunga waya wake. Ukitia pedali ngeni, sharle yako inaweza kubaki wazi wimbo mzima, ikivuma juu ya sauti za kwaya, au kufungwa moja kwa moja, au kuruka kutoka wazi hadi kufungwa bila kupita katikati. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunueni pedali hii.

Vitu vikishaungwa, kazi haijaisha. Padi ya mpira na padi ya wavu hazitetemeki sawa, kwa hiyo moduli lazima ielezwe. Kama mapigo ya polepole hayasikiki, pandisheni kipimo kinachoandikwa "Sensitivity". Kama padi inalia yenyewe spika za besi zikivuma au watu wakicheza karibu na jukwaa, pandisheni "Threshold" kidogo. Kama mnapiga mara moja na sauti inatoka mara mbili, wavu unaendelea kutetemeka baada ya pigo: chagueni aina ya padi ya wavu kwenye orodha, au ongezeni muda ambao moduli inafumba macho baada ya pigo.

Kosa moja la mchanganyiko linasumbua kuliko hayo yote: unapiga keskleri, crash inalia. Toazi zito la mtengenezaji mmoja limefungwa kwenye stendi nyepesi ya mwingine, na mtetemo unatembea katika bomba. Kuna kipimo cha "Crosstalk" kwa ajili ya hilo, lakini ukikizidisha kitaanza kula mapigo ya kweli. Mimi ningelitoa toazi kwenye bomba la pamoja na kuliweka juu ya stendi yake yenyewe, hata ile ya zamani ya batri ya kawaida iliyo nyuma ya kanisa. Kipande cha mpira wa tairi kati ya chuma na chuma nacho kinasaidia.

Kwa wale wenye moduli mbili za zamani, kila moja na padi zake, iko njia safi zaidi. Acheni kila padi kwa moduli yake, kisha ungeni tundu la MIDI OUT la moduli ya pili kwenye MIDI IN ya kwanza, yale matundu ya duara yenye pini tano. Hapo mko ndani ya mapatano ya 1983, na majina ya watengenezaji hayana nguvu tena. Hakikisheni tu namba zinalingana: katika mpango wa General MIDI ngoma ya mguu ni 36, keskleri ni 38, sharle iliyofungwa 42, iliyo wazi 46, crash 49, ride 51. Moduli yenye USB peke yake haitaweza hivyo bila kompyuta katikati.

Onyo moja ni la haraka kuliko mengine. Padi mnaweza kuchanganya, adapta za umeme hapana. Moduli nyingi za Roland zinatumia volti 9 na hasi iko katikati ya fishi. Nyingi za Yamaha zinatumia volti 12 na chanya iko katikati. Fishi zinaweza kufanana kwa macho na kuingia vizuri, na hilo ndilo baya. Someni kibandiko cha adapta na alama iliyo nyuma ya moduli, kila mara. Kisha fungeni adapta na moduli yake kwa utepe wa rangi moja, ili hata kijana aliyekuja Jumapili moja kusaidia asikosee.

Na mkienda kununua toazi la mkono wa pili, moduli yenu iende nanyi ndani ya mfuko, pamoja na waya wa stereo na adapta yake. Haina uzito. Muuzaji mwema atawapa umeme dakika kumi. Mpige uso, mpige ukingo, mshike toazi kwa vidole mwone kama linanyamaza. Asiyekubali hilo, msimpe fedha ya kanisa.

Lile toazi letu la stoo liko sasa upande wa kushoto wa mpigaji, na waya wake wa pete mbili. Uso unalia, vidole vinalinyamazisha. Ukingo unatoa sauti hafifu kidogo kuliko unavyopaswa, nasi tumeandika hilo kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya moduli, ili mpigaji atakayekuja asiseme tena kwamba limekufa.