Mwalimu wa Go Akialikwa, Watoto Watangulie

Nchini Korea Kusini, mtoto mwenye kipaji cha Go, mchezo wa ubao, huingizwa mafunzoni akiwa bado shule ya msingi. Hucheza kutwa, mwaka baada ya mwaka, akiwania kuwa mchezaji wa kulipwa. Wanaofuzu ni wachache mno. Waliokosa nafasi wanabaki na ujuzi ambao klabu nyingi za Ulaya hazijauona hata kwa bingwa wao, na wengi wao ni vijana wabichi. Ndiyo maana klabu inayotaka mwalimu wa kujitolea hufanya vyema kubisha hodi huko.

Shida huanza mgeni akishafika. Wachezaji hodari wa klabu humzunguka kila jioni, kila mmoja akitaka kupimana naye nguvu. Watoto na wanaoanza, ambao hasa ndio aliowajia, hukaa pembeni wakitazama. Huko ni kumpoteza mwalimu. Wakubwa wapewe jioni moja kwa wiki, tena si ya kushindana bali ya kuurudia mchezo uliokwisha, kete kwa kete, mgeni akionyesha ulipoharibikia. Siku zilizobaki ziwe za watoto.

Kanuni zenyewe mtoto huzishika upesi. Kete nyeusi na nyeupe huwekwa kwa zamu kwenye makutano ya mistari. Iliyozibwa pande zote huondolewa. Aliyezingira eneo kubwa zaidi ndiye mshindi. Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, makutano 361, lakini wanaoanza wapewe ule wa 9 kwa 9, mchezo uishe haraka na waanze mwingine.

Lugha haizuii sana kama inavyodhaniwa, maana kete huonyesha zenyewe. Lakini mtoto aliyepoteza kete nyingi kwa mpigo na machozi yanamlenga anahitaji maneno. Kwa hiyo mwanachama mmoja awe pembeni ya mgeni kila somo, akitafsiri na huku akijifunza namna ya kufundisha.

Ulaya imeshanufaika na wageni wa Go. Fan Hui, mchezaji wa kulipwa kutoka China, alihamia Ufaransa mwaka 2000, akiwa hajafikisha miaka 20. Dunia ilimjua baada ya kufungwa 5-0 na AlphaGo, programu ya kompyuta inayocheza Go, Oktoba 2015, ilhali Wafaransa walikuwa wamenufaika naye miaka mingi kabla ya hapo. Kabla yake Iwamoto Kaoru, Mjapani aliyekuwa akicheza pambano la ubingwa nje kidogo ya Hiroshima bomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, alitoa mali yake ili vijengwe vituo vya Go ng'ambo. Kimoja kilifunguliwa Amstelveen, Uholanzi, mwaka 1992.

Ukarimu nao una kanuni zake. Klabu iulize idara ya uhamiaji kuhusu kibali kabla ya kukata tiketi, kwani hata anayejitolea huweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Kijana apate chumba chake, koti zito la baridi, siku ya mapumziko na mtu wa rika lake wa kutembea naye. Wazazi wawepo darasani.

Na wiki zake za mwisho asifundishe. Akae nyuma, yule mwanachama aliyekuwa akitafsiri aongoze somo, naye amsahihishe angali yupo.