Kompyuta na seva: jinsi ya kupata kasi kwa pesa kidogo Area 25 na Dzaleka

Mtu anayeagiza kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam kuja Lilongwe ananunua kitu ambacho hawezi kukirudisha kirahisi. Mzigo ukishavuka Kasumulu na Songwe, ukapita Karonga na Mzuzu, ukafunguliwa Area 25 na mashine ikakataa kuwaka, hasara ni ya mnunuzi peke yake. Kwa mfanyabiashara wa Dzaleka hali ni ngumu zaidi, kwani yeye hawezi kutoka kambini wakati wowote apendao kumfuata muuzaji mjini.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua kompyuta na seva kwa ajili ya steshenari, duka la intaneti, ofisi ndogo au darasa la mafunzo, ili kila kwacha ifanye kazi.

Kwa nini kosa limekuwa ghali

Mwezi Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola 1 iliyokuwa ikibadilishwa kwa kwacha 1,180 hivi ikawa kwacha 1,700 kwa mara moja, na mitaani dola huuzwa ghali zaidi ya hapo. Kompyuta karibu zote huagizwa kwa dola. Kwa hiyo mashine iliyoharibika leo hairudishwi kwa bei iliyonunuliwa.

Aidha, wengi wanakumbuka mwaka huo huo wa 2023. Mwezi Machi serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Maduka ya Lilongwe yaliyokuwa ya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda yalifungwa, na mali ikahamishwa kwa haraka. Dzaleka yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, sasa ina zaidi ya watu 50,000. Hapo biashara ya kompyuta ina wateja, lakini mtaji ni mdogo na nafasi ya kukosea ni ndogo vile vile.

Kwanza kazi, halafu mashine

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza, "Ni i5 au i7?" Swali la kwanza liwe: mashine itafanya kazi gani, saa ngapi kwa siku, na kwa umeme upi?

Kuchapa barua, kutoa nakala, kujaza fomu za intaneti na kuhesabu mauzo ni kazi nyepesi. Kuhariri video za harusi ni kazi nzito. Kuhudumia wanafunzi 20 kwa wakati mmoja ni kazi ya namna nyingine kabisa. Kununua mashine ya kuhariri video kwa ajili ya kuchapa barua ni sawa na kukodi lori kupeleka gunia moja sokoni.

Diski kabla ya prosesa

Ukiwa na pesa ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha diski. Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta data. Husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde pale data ilipopangwa mfululizo, lakini ikilazimika kurukaruka kutafuta mafaili madogo huweza kufanya mara 100 hivi tu kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka. Ile ya SATA hufikia megabaiti 550 kwa sekunde, na katika mafaili madogo hufanya makumi ya maelfu ya kazi kwa sekunde.

Kuwasha kompyuta na kufungua programu ni kazi ya mafaili madogo. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi iliyowekewa SSD huonekana mpya, na kompyuta mpya yenye diski ya kuzunguka huonekana mgonjwa. Zaidi ya hayo, SSD haiathiriwi sana na mtikisiko wa safari, jambo muhimu kwa mashine iliyosafiri kwa lori kutoka pwani.

Kuna SSD za NVMe zenye kasi ya megabaiti 3,000 na zaidi kwa sekunde. Kwa kazi za steshenari hutaona tofauti kubwa kati yake na ya SATA. Usilipe ziada kwa ajili ya hiyo peke yake.

Kumbukumbu

Kumbukumbu, yaani RAM, ikijaa, kompyuta huanza kuweka kazi kwenye diski na hapo ndipo husota. Kwa leo gigabaiti 4 ni za shida, 8 zinatosha ofisi ya kawaida, na 16 ni za mtu anayehariri picha au kufungua kurasa nyingi.

Angalia aina kabla ya kununua nyongeza. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo, na kipande cha laptop hakiingii kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida. Ni vizuri vipande viwe viwili vinavyofanana, kwa kuwa prosesa husoma vyote kwa pamoja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu imepanda duniani kote kutokana na mahitaji ya vituo vikubwa vya akili bandia. Kwa hiyo ni nafuu kutafuta mashine iliyokuja na gigabaiti 8 au 16 tayari kuliko kununua tupu na kuongeza baadaye.

Prosesa: soma namba, si jina

Neno i7 peke yake halina maana kubwa. Tazama namba inayofuata. Katika i5-3470, tarakimu 3 inaonyesha kizazi cha tatu. Katika i5-8500, tarakimu 8 ni kizazi cha nane. Herufi ya mwisho nayo ina habari zake: U ni ya laptop inayokula umeme kidogo, T ni ya mezani inayokula umeme kidogo.

Mfano mmoja unatosha. Laptop yenye i7-7500U ina viini viwili. Laptop yenye i5-8250U, ya kizazi kimoja tu baadaye, ina viini vinne. Anayelipa ziada kwa ajili ya jina i7 hapo amelipia mashine dhaifu zaidi.

Kizazi cha nane ni mpaka muhimu kwa sababu nyingine. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11 kwa prosesa za Intel hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Matokeo yake ni kwamba makampuni ya Ulaya na Marekani yanatupa mashine za kizazi cha sita na cha saba, nazo zinaingia katika masoko yetu kwa bei ya chini.

Je, zikataliwe? Hapana. Zikiwekewa Linux zinafanya kazi vizuri kwa darasa au kwa duka la intaneti. Lakini zinunuliwe kwa bei inayolingana na ukweli huo. Muuzaji akikuambia mashine ya kizazi cha sita "ina Windows 11", muulize iliwekwaje, kwani kuna njia za kuzunguka masharti na Microsoft haiahidi kuendelea kuihudumia mashine ya namna hiyo.

Seva: ukubwa usikudanganye

Seva kubwa za chuma zilizotolewa maofisini huuzwa kwa bei inayovutia. Zina prosesa mbili, kumbukumbu nyingi na nafasi nyingi za diski. Bei ya kununua ni ndogo, lakini bei ya kuishi nayo ni kubwa.

Tufanye hesabu. Seva kama Dell PowerEdge R710, iliyotoka mwaka 2009, hula wati 150 hivi hata ikiwa haina kazi. Kwa saa 24 ni uniti 3.6 za umeme, na kwa siku 30 ni uniti 108. Kompyuta ndogo kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny hula wati 12 hivi ikiwa imetulia. Kwa mwezi ni uniti 9 kasoro. Tofauti ni uniti 99 kila mwezi, karibu 1,190 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunua ESCOM, utaona kama ile bei rahisi ilikuwa rahisi kweli. Tena seva hizo hupiga kelele na kutoa joto, hivyo hazifai chumba kimoja na wateja.

Kwa mafaili ya ofisi ya watu 10, kompyuta ndogo ya kizazi cha nane yenye gigabaiti 16 inatosha. Kwa darasa, programu za Kolibri na Kiwix huwapa wanafunzi masomo na Wikipedia bila intaneti, na huweza kukaa hata kwenye Raspberry Pi 4 inayokula wati chache tu. Dzaleka, ambako Wajesuiti walianzisha masomo ya chuo kwa njia ya intaneti mwaka 2010, si ngeni katika mambo haya.

Seva halisi inafaa pale ambapo hesabu za watu wengi zinategemea mashine moja. Hapo unalipia kumbukumbu ya ECC inayosahihisha makosa, pawasaplai mbili na diski zinazobadilishwa bila kuzima. Hata hivyo, diski mbili zenye nakala moja si hifadhi kamili. Faili likifutwa kwa bahati mbaya linafutika kote kuwili. Weka nakala nyingine nje ya jengo.

Umeme ndio bosi

Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu kituo cha Kapichira, chenye megawati 130 hivi, na Malawi ikapoteza karibu theluthi moja ya umeme wake. Somo lake halijaisha: mashine nzuri ni ile inayostahimili umeme mbaya.

Laptop ina betri yake ndani, hivyo umeme ukikatika kazi haipotei. Kwa kompyuta ya mezani nunua UPS, na soma wati, si VA tu: ya VA 650 mara nyingi hutoa wati 360 hadi 390. Usiunganishe printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwani inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Kwa wanaotumia sola: betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini usitumie zaidi ya nusu. Ukitoa upotevu wa kubadilisha umeme zinabaki kama 500. Hizo zinaendesha laptop ya wati 25 kwa saa 20, au kompyuta ya mezani na skrini yake ya wati 100 kwa saa 5 tu.

Tahadhari moja kuhusu mashine za zamani kutoka Marekani: baadhi zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka Malawi, pawasaplai inaungua papo hapo.

Kagua kabla ya kulipa

1. Washa mashine mwenyewe, uizime, uiache ipoe, uiwashe tena.
2. Ingia kwenye BIOS. Ikidai nywila usiyopewa, acha. Mashine nyingi zilizokuwa za makampuni zimefungwa, na kufuli la namna hiyo huweza kurudi hata baada ya kuweka Windows upya.
3. Tumia CrystalDiskInfo kuona hali ya diski na saa ilizofanya kazi.
4. Pima kumbukumbu kwa MemTest86, angalau mzunguko mmoja.
5. Kwa laptop, andika amri powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri wa mwanzo na wa sasa.
6. SSD na flashi za bei ya kutupa zipimwe kwa H2testw. Zipo zinazoandikwa gigabaiti 512 na ndani zina chache sana.

Hesabu kamili ya gharama

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongeza usafiri, ushuru na kodi za MRA, ada ya wakala wa forodha na vipuri. Ulizia viwango kabla ya kununua, na dai risiti yenye jina la mashine na namba yake, kwa sababu mzigo usio na risiti thamani yake hukadiriwa na ofisa.

Kisha gawanya jumla kwa miaka ya kazi. Tuseme, kwa mfano, mashine ya dola 90 itadumu mwaka 1, na ya dola 160 itadumu miaka 4. Ya kwanza ni dola 90 kwa mwaka, ya pili ni dola 40. Maskini ndiye hasa asiyemudu kununua ya kwanza.

Mwisho, kwa wenzetu wa Dzaleka: nunueni aina moja. Mashine tano za mfano mmoja, hata zikiwa si za kasi kubwa, ni bora kuliko tano za aina tano. Chaja moja inatumika kwa zote, na ikifa moja inatoa vipuri vya kuponya nyingine nne, bila mtu kuomba ruhusa ya kwenda Lilongwe kutafuta skrubu. Na mali yote iwe na orodha na risiti, ili siku ya kuhama ghafla mwenye mali aweze kuonyesha kilicho chake.