Fahamu: Kwa nini Rwanda inawataka wachungaji wasomee teolojia

Mapema mwaka 2018, makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele. Sheria ya mwaka huohuo ikaongeza sharti zito: viongozi wa mashirika ya dini wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Walipewa miaka mitano.

Wanaopinga husema wito hautoki chuoni, tena ada si ya kila mtu. Wana hoja. Ila Rwanda ina kidonda chake: katika mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, katika nchi iliyojaa Wakristo, watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Emmanuel Katongole, padri na mwanateolojia wa Uganda, anaona Kanisa lilimeza hadithi ya ukoloni kuhusu Wahutu na Watutsi badala ya kuipinga.

Hapo ndipo ninapoitilia shaka sheria. Shahada yaweza kumzuia tapeli. Lakini Athanase Seromba, aliyehukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya Rwanda huko Arusha mwaka 2008 kwa mauaji hayo ya 1994 katika kanisa la Nyange, alikuwa padri aliyepita seminari.