Uchakavu wa Herufi kama Ushahidi: Herufi za Mbao na Fonti Zinazouiga

Fonti nene za mabango zenye sura ya kuchakaa huundwa ili maandishi yaonekane kama chapa ya zamani. Kingo za herufi huwa zimemeguka na ndani yake mna madoa meupe, mithili ya mahali ambapo wino haukushika. Chimbuko moja kubwa la sura hiyo ni herufi za mbao zilizotumiwa kuchapia mabango nchini Marekani katika karne ya 19. Herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchongea herufi za mbao, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Mwaka 1834 William Leavenworth aliongeza pantografu, yaani kifaa cha kufuatisha umbo kutoka kwenye kielelezo kimoja, na uzalishaji ukawa mwepesi zaidi.

Jambo la msingi ni kwamba katika mbao kila kovu lina historia yake. Kibao kilichoanguka sakafuni hubonyea pembeni. Kilichokauka vibaya hupinda, kikawa chini ya wenzake na kupokea wino haba. Kovu hilo ni la kibao hicho pekee. Mtafiti anayelikuta katika mabango mawili yasiyo na tarehe ana sababu nzuri ya kuyahusisha na matbaa moja, na endapo ufa umerefuka katika bango mojawapo, anaweza kukisia lipi lilitangulia.

Fonti ya kompyuta haina historia ya namna hiyo. Mbunifu huipiga picha herufi iliyochapwa, akafuatisha kingo zake, na tangu hapo kila A inayoandikwa hubeba jeraha lilelile mahali palepale. Hapa ndipo uigaji unapojifichua. Kibao kimoja hakiwezi kukaa mahali pawili katika ukurasa uliochapwa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo A mbili zenye kovu moja katika mstari mmoja ni dalili nzito kwamba hapakuwa na mbao. (Bango la rangi mbili, lililopita mashineni mara mbili, lahitaji tahadhari.) Dalili nyingine, ambayo ni rahisi kupuuzwa, ni ukubwa. Katika mbao, herufi ya ukubwa tofauti ni kibao tofauti chenye majeraha yake. Katika fonti, kovu hukua pamoja na herufi.

Hata hivyo, kipimo cha marudio hakitoshelezi daima. Baadhi ya fonti huwekewa maumbo kadhaa ya kila herufi, na programu huyabadilisha kwa zamu ili yanayofanana yasikaribiane. Beowolf, fonti ya Just van Rossum na Erik van Blokland iliyotolewa mwaka 1990, ilikwenda mbali zaidi: kingo za herufi zilibadilishwa kwa nasibu wakati wa kuchapa, hivyo hakuna A mbili zilizolingana. Kwa maandishi ya aina hiyo, mchunguzi hana budi kuiacha sura ya herufi na kuichunguza karatasi yenyewe, akitafuta mbonyeo ambao kibao, kikikandamizwa kwa nguvu, huuacha nyuma ya wino.