Mafundi wa Mocímboa watafundishwa na nani?

Kila anayepitisha mzigo Kilambo kwenda kaskazini mwa Msumbiji anajua bidhaa zinazotoka haraka: injini za boti, pikipiki na spea zake, paneli za sola, betri, jenereta ndogo. Anajua pia lawama zinazomsubiri safari inayofuata. Kifaa kimekufa mwezi wa pili, mteja anadai alidanganywa, na hapakuwa na mtu wa kukifungua akaona kilichoharibika.

Mara nyingi kosa si la bidhaa. Injini ya boti ya mipigo miwili hutaka oili ichanganywe ndani ya petroli. Ya mipigo minne ina oili yake peke yake, na petroli inaingia safi. Ukiijaza ile ya kwanza petroli tupu, pistoni inakamata baharini. Sola nayo ina mitego yake. Kontrola iliyopangwa kwa betri ya maji ikifungwa kwenye betri ya lithiamu, betri ya bei kubwa inachaji vibaya na kuchoka kabla ya wakati. Fundi aliyejifunza kwa kaka yake uani anajua alichokijua kaka yake. Injini ikibadilika, elimu yake inabaki pale pale.

Hapo ndipo shule inapotakiwa kuingia: kumfundisha kijana kusoma mchoro wa nyaya, kupima kwa mita badala ya kubahatisha, na kupiga hesabu ya mzigo wa umeme kabla ya kununua paneli. Lakini shule ni mwalimu. Swali linalomgusa mfanyabiashara wa mpakani kuliko anavyodhani ni hili: mwalimu wa ufundi wa Mocímboa da Praia naye anajifunza wapi?

Mji uliofunguliwa mara kadhaa

Mocímboa da Praia ni mji wa bandari, wa Wamwani na Wamakonde, ambako Kiswahili husikika sokoni na pwani pamoja na Kimwani, Kimakonde na Kireno. Vita vya Cabo Delgado vilianzia hapo tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji walipovamia vituo vya polisi. Agosti 2020 waliuteka mji pamoja na bandari, wakakaa nao karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Watu walianza kurudi mwaka 2022, wakati mkoa mzima ulikuwa na karibu watu milioni moja waliokimbia makazi yao. Septemba 2025 mauaji yalirudi ndani ya mji, na baadhi ya familia zikafungasha tena.

Katika miaka hiyo shule ziliharibiwa na walimu wakatawanyika. Kituo cha umeme cha Awasse, kinacholisha wilaya za kaskazini, nacho kilishambuliwa, na wilaya hizo zikakaa gizani kwa muda mrefu. Somo la historia linaweza kufundishwa chini ya mwembe. Somo la umeme bila umeme linabaki hadithi.

Pigo jingine lilitua kusini kidogo. Januari 2020, huko Bilibiza katika wilaya ya Quissanga, chuo cha kilimo na chuo cha ualimu vilivamiwa na kuchomwa moto. Mkoa ambao tayari ulikuwa na vyuo vichache ukapoteza kwa siku moja mahali pa kufundisha kazi ya mikono na mahali pa kuandaa walimu.

Watafiti wa vita hivi wanatofautiana kuhusu mengi, lakini wengi wanataja ukosefu wa kazi kwa vijana wa pwani miongoni mwa sababu. Kijana anayejua kufufua injini ana mahali pa kwenda asubuhi. Kwa hiyo mafunzo ya mwalimu wa ufundi hapa yana uzito kuliko yanavyosikika ofisini.

Somo lipo, mafunzo yako mbali

Si kweli kwamba Msumbiji haikuliona jambo hili. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2004 uliingiza somo la Ofícios, yaani kazi za mikono. Mpango wa sekondari wa 2007 ukaongeza ujasiriamali, teknolojia ya habari na kilimo. Mageuzi ya elimu ya ufundi yaliyoanza mwaka 2006 yaliwataka wanafunzi wapimwe kwa wanachoweza kufanya, si kwa walichokariri tu. Sheria ya Elimu ya Ufundi ikafuata mwaka 2014, na baadaye mamlaka ya kuisimamia, ANEP.

Tatizo ni kwamba kila hatua hiyo ilimtwisha mwalimu kazi mpya. Mwalimu aliyeandaliwa kufundisha kusoma na hesabu alipewa Ofícios bila randa wala msumeno. Aliyesomea umakanika miaka 15 iliyopita anatakiwa kumpima mwanafunzi kwenye injini ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifungua.

Ili arudi darasani kama mwanafunzi, njia ni ndefu. Taasisi ya Juu ya Dom Bosco, inayoandaa walimu wa vyuo vya ufundi, iko Maputo, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Mocímboa. Chuo Kikuu cha Rovuma, kilichozaliwa mwaka 2019 Universidade Pedagógica ilipogawanywa, kina makao Nampula na tawi Montepuez. Pemba kuna chuo cha viwanda na biashara pamoja na kituo cha mafunzo ya kazi cha IFPELAC. Lakini barabara ya kutoka Mocímboa kwenda Pemba inapita Macomia, na kila dereva wa lori anajua maana ya kusafiri njia hiyo katika miaka ya vita.

Karibu na nyumbani kuna mfumo wa zamani wa ZIP, ambapo shule za jirani huunganishwa chini ya shule moja kubwa na walimu wake hukutana kuandaa masomo. Ni utaratibu mzuri, na gharama yake ni ndogo. Lakini walimu watano wasio na mashine wakikutana, wanagawana walichonacho. Mazungumzo yanaweza kumsaidia mwalimu kupanga somo. Hayawezi kumpa mkono wa fundi. Mkono huo unapatikana karakanani.

Mtwara iko jirani

Tazama ramani. Kutoka Mocímboa hadi Mtwara, kupitia Palma na kivuko cha Ruvuma, ni chini ya kilomita 200. Mtwara kuna chuo cha VETA na sekondari ya ufundi. Morogoro kuna chuo cha serikali ambacho kazi yake maalumu ni kuandaa walimu wa ufundi stadi. Tanzania nayo inahangaika na swali hilihili: tangu Januari 2024 mtaala mpya una mkondo wa amali katika sekondari, na shule zimelazimika kutafuta walimu wanaoweza kuufundisha. Kwa walimu walioko kazini kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza na kujadili somo lililowashinda. Kwa umbo ni ndugu wa ZIP.

Mtwara ina uzoefu mwingine ambao Mocímboa inauhitaji. Gesi ilipoanza kuvuta kampuni kubwa kusini mwa Tanzania, miaka ya 2010, ilionekana kwamba cheti cha chuo cha mkoa hakikutosha kumwingiza kijana kwenye mradi. Kampuni hizo, VETA na shirika la VSO walishirikiana kuinua mafunzo ya vyuo vya Mtwara na Lindi yafikie kiwango kinachotambuliwa nje. Hatua hiyo haikuweza kuanza na mwanafunzi. Ilibidi mwalimu ajue kwanza kiwango chenyewe: usalama kazini, uchomeleaji unaopimwa, kumbukumbu zinazoandikwa.

Palma sasa iko kwenye hatua hiyo. Mradi wa gesi wa Afungi, wa takriban dola bilioni 20, ulisimama baada ya shambulio la Machi 2021. Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio lililokuwa limeusimamisha. Kazi zikirudi, vijana wa Mocímboa watakuwa jirani na mradi. Kama hawana mwalimu anayejua kinachotakiwa, watabaki walinzi wa geti na wabeba mizigo, na mafundi watatoka mbali.

Lugha haiwezi kuwa kisingizio. Kireno ndicho cha darasani na cha mtihani, na kitabaki. Lakini karakanani maneno yalishavuka mpaka zamani. Parafujo, bomba na roda, ambazo fundi wa Mtwara anazitaja kama Kiswahili tu, asili yake ni Kireno. Mwalimu wa Mocímboa anayesikia Kiswahili anaweza kusimama mbele ya mashine Mtwara na kuelewa siku hiyohiyo.

Wala safari hiyo si ngeni. Mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa Dar es Salaam, ikiongozwa na Janet Mondlane, kuwasomesha vijana waliokimbia ukoloni. Baadaye FRELIMO ilikuwa na shule Tunduru na Bagamoyo. Miongoni mwa waliosomea Tanzania walitoka walimu wa shule za maeneo yaliyokombolewa, Cabo Delgado ikiwemo. Ruvuma ilivukwa na chaki wakati wa vita vya ukombozi. Leo inavukwa zaidi na bidhaa.

Kinachokwamisha ni karatasi

Mwalimu wa serikali hawezi kufunga begi kama mfanyabiashara. Anahitaji ruhusa ya mwajiri, na anahitaji uhakika kwamba mafunzo aliyopata ng'ambo yatahesabika atakapoomba kupandishwa daraja. Bila hilo, atakuwa ametumia likizo na nauli yake kupata ujuzi usioonekana kwenye faili.

Msingi wa kulitatua upo. Nchi za SADC zilitia saini itifaki ya elimu na mafunzo mwaka 1997. Mwaka 2011 zikakubali mfumo wa pamoja wa kulinganisha vyeti. Agosti 2019, mkutano wa Dar es Salaam ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Kwa upande wa mashariki hali ni tofauti: mradi wa EASTRIP, ulioanzishwa kuimarisha vyuo vya ufundi kwa jina la utangamano wa kanda, ulihusu Ethiopia, Kenya na Tanzania. Msumbiji si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na imebaki nje. Kwa hiyo mlango wa Mocímboa ni SADC, na ufunguo wake ni makubaliano madogo kati ya mamlaka za elimu za mikoa miwili inayopakana. Kozi fupi za wiki mbili au tatu wakati shule za pande zote zimefunga, Desemba na Januari, zenye cheti ambacho ANEP na VETA wote wanakitambua, hazihitaji mkutano wa marais.

Mfanyabiashara anaingia wapi?

Huna haja ya kusubiri makubaliano hayo. Injini iliyokufa usiyoweza kuiuza ni kitabu cha thamani kwa shule isiyo na karakana; ikabidhi kwa mwalimu, ifunguliwe na kufungwa hadi wanafunzi waizoee. Kitabu cha maelekezo kinachokuja ndani ya boksi usikitupe. Mwenye gereji Mtwara au Palma anaweza kumpokea mwalimu mmoja kwa wiki mbili za likizo, avae ovaroli na kushika spana, akirudi awafundishe wenzake kwenye ZIP. Muuzaji wa jumla wa sola akiomba wakala wake atoe siku moja ya mafunzo kwa wanunuzi, aweke viti viwili kwa walimu. Na vyama vya wafanyabiashara vinapokutana na maofisa wa mpaka kuhusu ushuru na vibali, ruhusa ya walimu kuvuka inaweza kuwekwa kwenye orodha hiyohiyo.

Hii si sadaka. Mteja anayejua kuna fundi atanunua injini ya pili. Asiye na fundi atanunua moja, itakufa, naye atarudi kwenye kasia.

Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Kwa mwalimu wa ufundi wa Mocímboa, ndugu yuko Maputo na jirani yuko Mtwara. Wafanyabiashara wameshaijua njia ya kwa jirani. Kilichobaki ni walimu kupewa ruhusa ya kuipita.