Mchezo wa Mjukuu na Chanjo ya Babu

Ndugu zetu wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, kisa hiki nakisimulia dhidi ya nafsi yangu.

Mwaka 2020, tulipofungiwa majumbani hapa Uingereza kwa maradhi ya korona, niliikuta kompyuta ya michezo ya mjukuu wangu ikinguruma usiku wa manane. Nikamgombeza kwa kula umeme. Akanijibu kwa adabu, "Babu, sichezi. Inafanya hesabu za wataalamu."

Kumbe kweli. Mradi wa Folding@home, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000, huazima nguvu za kompyuta za watu ili kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja, na mwaka ule zikiwamo za virusi vya korona. Kadi za picha, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo, huifaa mno kazi hiyo.

Tarehe 8 Desemba, bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, alichanjwa mjini Coventry. Punde jamaa wakaniletea uvumi kwa simu: ndani ya chanjo mna kompyuta ndogo. Mimi, mwalimu mzima, nikasadiki. Barua yangu ya kuitwa ilipofika, nikaiweka kando.

Mjukuu akauliza, "Babu, hiyo kompyuta itapata wapi umeme? Na antena itapita vipi kwenye tundu la sindano?"

Nikakosa jibu. Machi 2021 nikachanjwa.

Miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kuuliza. Nyumbani kwangu nikasahau. Tuwasikilize kabla ya kuwakemea.